RNA haionekani, au inaonekana kila mahali: utatuzi wa matatizo ya rangi zing'aazo katika seli hai

Picha ikitoka nyeusi, mkono hukimbilia kichupa cha rangi na kuongeza. Picha ikijaa ukungu wa kijani, mkono uleule hupunguza. Mara nyingi kichupa hakina kosa. Ili mng'aro uonekane kwenye hadubini lazima mambo matatu yakutane: RNA iwepo na iwe imejikunja inavyotakiwa, rangi iingie ndani ya seli na kuifikia, na mwanga unaomulika uwe ule ambao rangi hiyo inaufyonza. Kwa kila dalili iliyo hapa chini, uliza kwanza ni lipi kati ya hayo matatu limekosekana. Ukibadilisha mawili kwa pamoja, hata ukifanikiwa hutajua kilichokuponya.

Rangi zenyewe ni za aina mbili, na ugonjwa wa moja si ugonjwa wa nyingine. Aina ya kwanza ni rangi ya jumla, kama SYTO RNASelect, inayong'aa ikikutana na RNA yoyote. Itakuonyesha nukleoli (madoa ndani ya kiini yanakotengenezwa ribosomu) na saitoplazimu, lakini haiwezi kukuambia kuwa hiyo ni RNA ya jeni fulani. Aina ya pili hufanya kazi na aptama, yaani kipande kifupi cha RNA unachokiunganisha kwenye RNA unayoifuatilia. Rangi ya aina hii ikiwa peke yake karibu haing'ai kabisa, kwa sababu nishati inayoipokea inaishia kwenye kujipinda kwake. Ikishikwa ndani ya aptama haina nafasi ya kujipinda, na nishati ileile hutoka kama mwanga.

Spinach ilitoka mwaka 2011 katika maabara ya Samie Jaffrey, Weill Cornell, New York. Broccoli na Mango zilifuata mwaka 2014, kisha Corn, na Pepper ikatoka Shanghai mwaka 2019. Kwa majina ni genge la mboga, ila kila mboga ina mapishi yake: rangi yake, kiasi chake, chumvi zake. Ukimpa Pepper masharti ya Broccoli usishangae ukikosa kitu. Hapa mfano mkuu ni Broccoli na rangi yake DFHBI-1T katika seli za binadamu za maabara, HEK293T au HeLa, na RNASelect kwa upande wa rangi za jumla.

Maandalizi ambayo utatuzi wote unayategemea

DFHBI-1T ina uzito wa molekuli wa takribani 320. Yeyusha miligramu 10 katika µl 780 za DMSO kavu (kiyeyushi cha rangi hizi), utapata myeyusho wa 40 mM. Ugawe kwenye vichupa vya µl 10 kila kimoja, vifunike kwa foili, vihifadhi kwenye friza ya −20 °C. Kichupa kilichoyeyushwa mara moja kisirudi kwenye friza, na mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara hesabu kila katizo refu kama kuyeyushwa mara moja. DMSO hunyonya maji ya hewani, na rangi iliyokaa kwenye DMSO yenye maji huanza kuganda vijipande.

Siku ya kupiga picha, tumia maji ya kuoteshea seli yasiyo na fenoli nyekundu. Kwa kila ml 1 ongeza HEPES (bafa ya kutuliza pH) 1 M ya pH 7.4 µl 25, MgSO4 1 M µl 5, na DFHBI-1T ya 40 mM µl 1. Hapo una HEPES 25 mM, magnesi 5 mM juu ya ile iliyomo tayari, na rangi 40 µM, huku DMSO ikiwa asilimia 0.1 tu. Iache kwenye seli dakika 30 kwa 37 °C, kisha piga picha rangi ikiwa bado ndani ya sahani. Usioshe. Rangi hii haijafungwa kwenye RNA kwa kifungo cha kikemia. Inaingia na kutoka, na ukiosha unaiondoa. Wanaotoka kwenye kazi za antibodi hukosea hapa kila mara, kwa sababu huko kuosha ndiyo adabu.

Kisha uwe na sahani nne. Ya 1 ina seli tupu, bila plasmidi (DNA ya duara unayoiingiza ili seli itengeneze RNA yako) wala rangi. Ya 2 ina seli na rangi, lakini plasmidi yake haina aptama. Ya 3 ina aptama bila rangi. Ya 4 ina rangi pamoja na aptama inayojulikana kuwaka kwa nguvu, kwa mfano Broccoli iliyounganishwa kwenye RNA ya 5S (RNA ndogo ya ribosomu iliyo nyingi sana), au Broccoli ya duara inayotengenezwa kwa mfumo wa Tornado. Sampuli yako ni ya tano. Dalili zote zitakazofuata zinasomwa kwa kulinganisha na hizi nne.

Dalili: sahani yako ya Broccoli ni nyeusi tii

Angalia sahani ya 4. Ikiwa nayo ni nyeusi, RNA yako haina hatia bado. Tatizo ni mwanga au rangi.

Upande wa mwanga, Broccoli yenye DFHBI-1T hufyonza zaidi kwenye nanomita 472 na kutoa mwanga kwenye 507. Kichujio cha kawaida cha GFP, ile protini ya kijani (470/40 kwa kumulika, 525/50 kwa kupokea) kinafaa, na leza ya 488 inafaa pia. Lakini soma lebo ya kichupa: DFHBI bila hiyo 1T ni rangi nyingine, na kilele chake ikiwa na Spinach2 kiko karibu na 447. Leza ya 488 inaigusa pembeni tu, na mng'aro hupungua sana hata kila kitu kingine kikiwa sawa. Tumeona watu wakibadilisha plasmidi mara tatu kwa kosa lililokuwa kwenye lebo.

Upande wa rangi, fanya jaribio la ndani ya kichupa, bila seli. Chukua RNA ya Broccoli iliyotengenezwa kwa kimeng'enya cha T7, 1 µM, kwenye bafa ya HEPES 40 mM pH 7.4, KCl 100 mM na MgCl2 1 mM. Ipashe moto dakika mbili kwa 75 °C, iache ipoe polepole hadi joto la chumba, ongeza DFHBI-1T hadi 10 µM. Kichupa chenye RNA kitawaka kijani juu ya taa ya buluu, kiasi cha kuonekana kwa macho ukivaa miwani ya rangi ya machungwa. Kile kisicho na RNA kitabaki cheusi. Visipotofautiana, tupa kichupa cha rangi na ufungue kingine.

Jaribio hilohilo lifanye kwa LiCl badala ya KCl. Mng'aro unatakiwa uanguke. Broccoli, Spinach na Mango zina kiini cha guanini nne-nne zilizopangwa kwa tabaka, na potasiamu hukaa katikati ya tabaka hizo na kuzishikilia. Lithiamu haiwezi kazi hiyo. Mng'aro usipoanguka, unachokiona si aptama.

Ikiwa sahani ya 4 inawaka vizuri na yako ni nyeusi, mwanga na rangi ni vizima. Sasa RNA yako ndiyo inayoulizwa maswali: je, ipo? Ni nzima? Imejikunja? Iko ya kutosha? Maswali mawili ya kwanza yanajibiwa na jeli moja.

Toa RNA yote ya seli, weka µg 5 kwenye jeli ya poliakrilamaidi ya asilimia 10 yenye urea, kwenye bafa ya TBE. Ikimaliza kukimbia, ioshe kwa maji mara tatu, dakika tano kila mara. Hapa kuosha ni lazima, kwani urea ndiyo inayoizuia aptama kujikunja. Kisha iloweke dakika 10 hadi 30 kwenye bafa ileile ya HEPES, KCl na MgCl2 yenye DFHBI-1T 10 µM, na uipige picha kwa mwanga wa buluu. Ni aptama tu zitakazowaka. Baadaye itie SYBR Gold, iliyozimuliwa mara 10,000, ili uone RNA zote na uhakikishe ulipakia kiasi sawa.

Mstari mmoja kwenye ukubwa unaoutarajia maana yake RNA ipo na ni nzima. Mstari mdogo kuliko unavyotarajia maana yake seli imeikata, na kipande kilichobaki ndicho kinachowaka. Kosa hili ni baya kuliko giza, kwa sababu kwenye hadubini utaona mng'aro mzuri wa kitu ambacho si RNA yako. Chanzo kinachojulikana ni kiegemeo cha tRNA. Mwanzoni aptama zilipachikwa ndani ya umbo la tRNA ili zikunjike vizuri, lakini vimeng'enya vya seli vinavyohariri tRNA hulitambua umbo hilo na kulikata. Hamia F30, kiegemeo kingine, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya tatizo hilihili.

Jeli isipoonyesha kitu, rudi kwenye mfuatano wa plasmidi. Ikiwa promota yako (kipande cha DNA kinachoanzisha uandikaji wa RNA) ni U6 au ya 5S, polimerasi III, kimeng'enya kinachoandika RNA hizo, husimama inapokutana na T nne au zaidi mfululizo. Soma mfuatano wako herufi kwa herufi, hasa mahali ulipounganisha vipande, na ukikuta TTTT ndani, umepata mchawi. Badilisha T moja mahali ambapo haivunji umbo, na pamoja nayo ubadilishe herufi ya upande wa pili inayooana nayo.

Jeli ikionyesha mstari sahihi na seli bado ni nyeusi, kuna mawili. La kwanza ni kujikunja: ndani ya jeli umeipa RNA utulivu na chumvi zake, ndani ya seli imezungukwa na RNA jirani inayoweza kuishika vibaya. Pitisha mfuatano mzima kwenye RNAfold, programu ya kukisia umbo la RNA, si aptama peke yake. Aptama isiwe katika sehemu inayosomwa kuwa protini, maana ribosomu hupita ikifumua kila kitu. Iweke baada ya kodoni ya kusimama. Na kama unatumia Spinach ya mwanzo, kumbuka kwamba huanza kufumuka joto linapokaribia 37 °C. Broccoli ni imara zaidi, na kwa seli za binadamu hakuna sababu ya kung'ang'ania Spinach.

La pili ni idadi, na hapa hesabu ndogo inaokoa machozi mengi. Chukua seli yenye ujazo wa pikolita 2. Molekuli 1,200 ndani yake ni 1 nM. mRNA yenye nakala 100 kwa seli ni karibu 0.08 nM. Nusu ya Broccoli huwa zimeshika rangi ikifika takribani 360 nM, kwa hiyo umeweka 40 µM, na hizo 40 µM ni molekuli za rangi zipatazo milioni 48 ndani ya seli hiyohiyo. Kila moja ikiwa haijashikwa karibu haing'ai, lakini "karibu" mara milioni 48 ni ukungu unaomeza nakala zako 100. Broccoli moja kwenye mRNA ya kawaida haitaonekana hata ufanye kila kitu sawa. Inaonekana kwenye 5S, kwenye RNA za promota kali za polimerasi III, na kwenye RNA za duara za Tornado ambazo hazina ncha ya kuliwa na hivyo hujilimbikiza. Kwa mRNA adimu, soma sehemu ya mwisho.

Dalili: inawaka, kisha inazimika baada ya sekunde chache

Usiandike bado kwamba rangi imepauka. DFHBI na ndugu zake wakimulikwa kwa nguvu hubadilika umbo, upande wa molekuli ukageuka, na molekuli iliyogeuka haikai tena vizuri ndani ya aptama. Hutoka, na mpya inapaswa kuingia. Mwanga ukiwa mkali, zinageuka haraka kuliko zinavyobadilishwa, nawe unaona giza.

Kipimo ni rahisi. Piga picha, funga mwanga, subiri sekunde kumi, piga tena mahali palepale. Mng'aro ukirudi, ni hilo. Dawa yake ni kupiga picha kwa vipindi: milisekunde 100 hadi 200 za mwanga, kisha sekunde kadhaa za giza. Punguza nguvu ya leza kabla ya kuongeza muda. Usipunguze rangi chini ya 20 µM ukidhani unasaidia, kwa maana akiba ya rangi ndiyo inayojaza nafasi zilizoachwa wazi. Na usitafute fokasi kwa mwanga wa buluu. Itafute kwa mwanga wa kawaida unaopita chini, au kwa rangi nyekundu ya mCherry (protini nyekundu inayotambulisha seli zilizopokea plasmidi), kisha fungua buluu mara moja tu kwa ajili ya picha yenyewe.

Usiporudi, angalia kama fokasi imehama kwa sababu jukwaa la hadubini linapashwa joto, ambalo ndilo jambo la kawaida zaidi. Ukihitaji filamu mfululizo bila vipindi, Pepper na rangi yake HBC inavumilia mwanga vizuri zaidi. Haina tabaka za guanini, hushika rangi yake kwa nguvu sana (karibu 3.5 nM), kwa hiyo HBC 1 µM inatosha, ila magnesi 5 mM isiachwe. HBC hufyonza 485 na kutoa 530. HBC620, ya jamii hiyohiyo, hufyonza 577 na kutoa 620, na hii ya pili inakuondoa kabisa kwenye kijani ambako seli zina mwanga wao wenyewe.

Dalili: kila seli inang'aa, hata isiyo na plasmidi

Sahani ya 1 ikiwaka, mwanga ni wa seli au wa vyombo. Riboflavini iliyomo kwenye maji ya seli hung'aa kijani, na flavini za mitokondria pia. Fenoli nyekundu huongeza ukungu. Sahani ya plastiki huwaka kuliko kioo. Tumia kioo cha unene wa milimita 0.17. Seli zilizozeeka hujaza lipofusini (mabaki ya taka za seli), ambayo huwaka karibu kila rangi, na hiyo unaitambua kwa sababu inaonekana pia kwenye kichujio cha nyekundu.

Sahani ya 1 ikiwa nyeusi na ya 2 ikawaka, ukungu ni wa rangi. DFHBI-1T ina ukungu mdogo kuliko DFHBI. Kama bado unatumia ya zamani, badilisha. TO1-Biotin, rangi ya Mango, inatoka kwenye ukoo wa thiazoli chungwa, rangi zinazopenda DNA pia, kwa hiyo ikizidi sana juu ya 200 nM utaona kiini chote kikiwaka. Ukungu uliobaki upime kwenye sahani ya 2 na uutoe kwenye hesabu. Picha iliyoongezwa mwangaza bila kutoa ukungu huo haithibitishi kitu.

Na kama plasmidi yako ya kuthibitisha kwamba seli zimepokea DNA ina GFP, tafadhali ibadilishe na mCherry. GFP na Broccoli hutumia kichujio kimoja.

Dalili: seli chache tu ndizo zinazowaka

mCherry ndiyo itakayokujibu. Seli zenye nyekundu zikiwa chache, plasmidi haikuingia: seli zilikuwa nyingi mno au chache mno sahanini, au hukusubiri saa 24 hadi 48. Seli zenye nyekundu zikiwa nyingi lakini za kijani chache, aidha RNA inatofautiana kati ya seli na seli, jambo la kawaida kwa plasmidi iliyoingizwa kwa muda, au seli zinaitema rangi. Baadhi ya seli, hasa za saratani zilizozoea dawa, zina pampu ya P-glikoprotini, na SYTO 16 inajulikana kutemwa nayo. Jaribu verapamili, dawa inayozuia pampu hiyo, 10 µM kwenye sahani moja. Zikiwaka zaidi, pampu ndiyo mhusika.

Dalili: vidoadoa

Vidoa vilivyo ndani na nje ya seli, visivyosogea na seli, na vinavyoonekana hata kwenye mwanga wa kawaida, ni rangi iliyoganda. Zungusha kichupa kwenye sentrifuji dakika 10 kwa 16,000 g na uchukue sehemu ya juu tu. Tia rangi kwenye maji ya 37 °C huku ukiyakoroga. Ukidondosha rangi ya DMSO kwenye maji baridi yaliyotulia, rangi itaganda hapohapo.

Vidoa vilivyonata juu ya seli siku ya kwanza baada ya kuingiza plasmidi ni mafuta ya kuingizia yakiwa bado yameishika DNA. Rangi yoyote inayogusa DNA itayawasha. Badilisha maji baada ya saa sita na usubiri kesho.

Lakini kidoa si kosa kila mara. Mwaka 2013 Spinach2 ilitumika kuonyesha RNA zenye marudio ya CGG, na RNA hizo hujikusanya kweli kwenye vidoa ndani ya kiini. Seli zikipata dhiki nazo hukusanya mRNA kwenye chembechembe za saitoplazimu, na baridi ya jukwaa la hadubini ni dhiki tosha. Kabla ya kushangilia, pasha jukwaa hadi 37 °C kwa nusu saa na uangalie kama vidoa vinatoweka.

RNASelect: nukleoli hazionekani, au kitu kingine ndicho kinachoonekana

Zimua kwa hatua mbili. Myeyusho wa dukani ni 5 mM. Weka µl 1 ndani ya µl 999 za maji ya seli upate 5 µM, kisha µl 100 za hiyo ndani ya µl 900 upate 500 nM. Dakika 20 kwa 37 °C, badilisha na maji safi, piga picha kwa 490 na kupokea 530. Anayeruka hatua ya kati na kupima µl 0.1 kwa pipeti hajui ameweka kiasi gani.

Picha nzuri ina nukleoli zinazong'aa sana, saitoplazimu yenye mng'aro wa wastani, na sehemu iliyobaki ya kiini ikiwa hafifu. Kiini chote kikiwaka kuliko nukleoli, rangi imezidi au seli zimekufa. Kuna mtego mwingine pia: Hoechst, rangi ya buluu ya DNA, ikimulikwa kwa mwanga wa zambarau hugeuka sehemu yake kuwa umbo linalotoa kijani. Ukipiga picha ya Hoechst kwanza, umeipaka DNA kijani kwa mkono wako mwenyewe. Piga kijani kwanza, Hoechst mwisho.

Nyuzinyuzi au vijiti kwenye saitoplazimu ni mitokondria. Rangi hizi zina chaji chanya, na ndani ya mitokondria ni hasi. Tia FCCP kidogo ili kuondoa tofauti hiyo ya chaji. Nyuzi zikififia na nukleoli zikabaki, umethibitisha. Punguza rangi hadi 250 nM.

Kuthibitisha kwamba mng'aro ni wa RNA, fanya majaribio mawili. Kwenye seli hai, aktinomisini D ya µg 5 kwa ml kwa saa moja huzuia uandikaji wa RNA, na nukleoli zinapaswa kufifia. Kwenye seli zilizouawa na kushikiliwa umbo lake (fixed), tumia methanoli ya −20 °C dakika 10, osha kwa PBS mara mbili, weka RNase A (kimeng'enya kinachokula RNA) µg 100 kwa ml kwa nusu saa hadi saa moja kwa 37 °C, kisha ndipo utie rangi. Sahani ya pili ipate DNase, inayokula DNA, badala yake. RNase iue mng'aro, DNase isiuguse. Mpangilio huo ni muhimu, kwani ukitia rangi kabla ya RNase hutajua kama RNA ililiwa au rangi ilioshwa.

Dalili: seli zinavimba na kutoa mapovu katikati ya filamu

Ni mwanga, mara chache ni rangi. Weka sahani yenye rangi isiyomulikwa kando ya ile unayoipiga picha. Ikiwa ya kando ni nzima, punguza mwanga na uongeze nafasi kati ya picha. Ikiwa zote zinakufa, pima DMSO, kisha pH. Maji yenye bikaboneti yakikaa nje ya hewa ya CO2 hupanda pH ndani ya dakika, na ndiyo maana HEPES imo kwenye mapishi hapo juu. pH ikishuka chini ya 6 tatizo ni jingine: DFHBI inang'aa ikiwa imepoteza protoni yake, kwa hiyo ndani ya sehemu zenye tindikali za seli aptama inaweza kuwepo na isionekane.

Bakteria

Kwa E. coli tumia BL21 Star, ambayo RNase E yake imekatwa sehemu na haili RNA upesi. Anzisha utengenezaji wa RNA kwa IPTG 1 mM, subiri saa mbili hadi tatu, tia DFHBI-1T 200 µM. Kiasi hicho kikubwa kinatokana na ukuta wa bakteria. Maji ya LB yana mng'aro wake wa manjano-kijani, hivyo hamishia bakteria kwenye PBS au M9 kabla ya kuwaweka kwenye kipande cha agarozi.

Unapotaka mRNA moja moja

Hesabu ya nakala 100 inasema Broccoli moja haitoshi, hivyo aptama lazima zirudiwe au ubadili njia kabisa. Mango II yenye marudio 24 imetumika kuona mRNA moja moja. Njia ya zamani zaidi ni MS2: weka vishipa 24 vya MS2 (vipande vya RNA vya virusi MS2 vinavyojikunja kama pini) kwenye mRNA, na protini ya koti la MS2 iliyounganishwa na GFP hujishika juu yake kwa jozi, hadi GFP 48 kwa RNA moja. Ukungu hapo ni GFP isiyoshika kitu, na kosa la kawaida ni kutengeneza protini hiyo kwa promota kali. Tumia promota dhaifu, na iongezee ishara ya kuipeleka kwenye kiini, ili ile isiyo na kazi ikae humo na saitoplazimu ibaki nyeusi. Kwenye chachu, fahamu kwamba vishipa vilivyoshikwa na protini huchelewa kuliwa, na vipande vya RNA iliyokwisha kuoza huonekana kama RNA nzima. Hakiki kwa kutia alama ya pili kwenye sehemu inayosomwa kuwa protini: kidoa chenye MS2 bila alama hiyo ni mabaki.

Vichunguzi vya umbo la pini (vipande vifupi vyenye rangi ncha moja na kizimisho cha mng'aro ncha nyingine, vinavyofunguka na kuwaka vikikutana na RNA vinayoilenga), vilivyoanzishwa na Tyagi na Kramer mwaka 1996, havihitaji plasmidi. Lakini vikitengenezwa kwa DNA ya kawaida, seli huvisukuma ndani ya kiini na vimeng'enya huvikata, rangi ikaachana na kizimisho chake, nawe ukapata kiini kinachong'aa bila RNA yoyote kuguswa. Agiza vyenye 2'-O-methili, na uweke sampuli moja yenye kichunguzi kisicholenga kitu chochote ndani ya seli hiyo. Ikiwaka nayo, ondoa kiini kwenye hesabu yako na upime saitoplazimu peke yake.